Gia Nilizomsikilizia Mume Wangu

Mume wangu alikuwa dereva wa meneja wa shamba la katani upande wa Kibaha. Kabla ya udereva alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine za katani, na kelele zake zikamharibia masikio. Ukitaka akusikie, lazima umsogelee na upaze sauti. Meneja aliporudi kwao Ulaya alimwachia gari lake kuukuu la Kimarekani, lisilo na klachi, linalobadili gia lenyewe. Gereji za Dar es Salaam zilikuwa zimekataa kuligusa. Lilichelewa kubadili: injini inalia mpaka unadhani itapasuka, halafu gia inaingia kwa kishindo na shingo zinarushwa nyuma.

Tulikuwa tukikaa Kisarawe. Alilichunguza gari lile mpaka akaona fimbo nyembamba ya chuma inayotoka kwenye kabureta kwenda kwenye giaboksi. Urefu wa fimbo hiyo ndio ulioamua gia ibadilike wakati gani. Kuirekebisha kulitaka mtu wa kuisikiliza injini, na yeye hakuweza.

"Njoo unisikilizie," akaniambia.

Basi kila asubuhi, nikishamaliza kufagia, nilikaa kando yake tukashuka mteremko wa kutokea mjini na kuupanda tena. Sauti ya injini ikishuka, yaani gia imeingia, nampiga begani. Yeye anatazama mshale wa mwendo. Tunasimama, anafungua boneti, analegeza nati, anazungusha fimbo kidogo, tunaondoka tena. Siku nyingine alizidisha, gia ikaingia mapema mno na gari likaishiwa nguvu katikati ya mlima, nikashuka kutia jiwe nyuma ya gurudumu huku tukicheka. Tangu anioe hakuwahi kunihitaji hivyo. Nilianza kuzijua sauti za injini ile kama ninavyojua kilio cha wanangu.

"Sasa inatosha," nilimwambia siku moja.

"Haitoshi. Nataka abiria asijue hata kama gia imebadilika."

"Abiria gani huyo?"

"Mama yako. Na mgongo wake ule, tutamtoaje Maneromango kwa barabara ile?"

Mama alikuwa akiishi huko peke yake, mgongo ukimsumbua, na kwa muda mrefu nilikuwa nimeomba aje tukae naye. Nikampelekea habari ajiandae.

Gari likakaa sawa. Likapanda mlima taratibu, gia zikiingia moja baada ya nyingine, hata mimi nikitega sikio nilizisikia kwa shida. Juma lile lile shangazi yake mume wangu akaja kututembelea kutoka Mlandizi. Nikamwamkia, nikamwandalia uji. Alipoliona gari uani akanishika mkono kwa furaha.

"Mmefanya vizuri, mwanangu. Mwenzio na mimba yake ile hatatikiswa tena njiani."

"Mwenzangu yupi, shangazi?"

Akaweka kikombe chini. Alijua wakati ule ule kwamba sikuwa nimeambiwa. Akanieleza kwamba mume wangu ameoa mke wa pili, na ndoa ilikuwa imefungwa Mlandizi tangu kabla ya mvua.

Ugomvi na mtu asiyesikia hauna siri. Nilitaka kumwuliza mume wangu ndani, kwa sauti ya chini, lakini ilibidi nipaze, na majirani wote wakasikia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia."

"Lini?"

"Gari likishakaa sawa," akasema, akiangalia chini.

Dini ilimruhusu kuoa mke wa pili, na kama angeniambia ningelia, kisha ningenyamaza kama wengine walivyonyamaza. Lakini alinikalisha kando yake asubuhi zote zile, akanitajia mgongo wa mama yangu, ili nimlainishie njia mke mwenzangu. Mimi mwenyewe nilipokwenda kwa mama kumzaa mwanangu wa kwanza, nilipanda juu ya lori la mihogo.

Kesho yake nikachukua watoto, tukapanda lori la Maneromango. Mama alikuwa amekaa barazani na furushi lake. Kuku wake alikwisha kuwagawia majirani.

"Gari liko wapi?" akauliza.

"Haliji, mama."

Mama alifungua furushi, akatoa sufuria, akabandika maji.

Nilikaa kwake mpaka tulipovuna mpunga. Wazee wa pande zote mbili walizungumza, na mume wangu akaja kwa miguu kutoka barabara kuu, akaomba radhi mbele ya mama. Nikarudi kwa ajili ya watoto. Mke mwenzangu alikwisha kujifungua mtoto wa kike. Alikuwa binti mpole, wala sikumchukia. Ila mume wangu aliponiita tena nimsikilizie injini, akiwa ameinama juu ya boneti, nilimwambia atafute mtu mwingine. Sijui kama alinisikia. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na sikupaza sauti.