Kijiko cha Fenna

Fenna Ubben alikuwa kiungo wa timu ya wanawake ya Osterwarf, kijiji cha Wajerumani wa pwani ya kaskazini, ambako ng'ombe ni wengi kuliko watu. Jumapili ile kocha Kreuzer wa ligi kuu alikuwa anakuja kutoka mjini kumwangalia, mara moja tu. Asipomvutia, basi, angebaki kucheza mbele ya shangazi zake wanaouza keki pembeni mwa uwanja.

Kabla ya mechi akapita kwa bibi yake, Theda. Kule mtu akitosheka na chai hasemi. Anaweka kijiko chake ndani ya kikombe, na mwenye nyumba anaacha kumimina. Sasa Fenna, kwa wasiwasi, alikichezea kijiko mpaka akakisokomeza kwenye soksi bila kujijua. Bibi akamimina. Akamimina tena.

"Bibi, nimetosheka."

"Kijiko kiko wapi?"

Fenna akatafuta mezani, chini ya meza, chini ya paka.

"Nipe kingine, bibi."

"Kijiko cha mwingine kitakusemeaje wewe? Kunywa, mama."

Uwanjani Fenna alitembea kama mtu aliyebeba mtoto mchanga aliyelala.

"We Fenna, umemeza mpira wa akiba?" beki Hilke akamtania.

"Usinichekeshe, Hilke, nakuomba!"

Kreuzer akaanza kufunga vifungo vya koti aondoke zake.

Kipindi cha pili chai ikagoma kungoja. Fenna akamwomba refa ruhusa ya kwenda chooni.

"Subiri mpira utoke," refa akasema.

Haya. Akaupora mpira ili autoe mwenyewe, akakimbia nao moja kwa moja kuelekea choo, ambacho kilikuwa nyuma ya goli la wapinzani. Mabeki walipouona uso wake wakampisha. Akapiga ili mpira upite juu ya goli, ukaingia wavuni. Yeye hakusimama. Aliruka uzio, akapita meza ya keki, akatoweka. Wenzake waliokuja kumkumbatia wakakumbatiana wenyewe.

"Hakungoja hata kushangiliwa!" Kreuzer akasema, machozi yakimlengalenga. "Unyenyekevu gani huu!"

"Ni kibofu, kocha," Hilke akasema, lakini nani amsikie.

Fenna aliporudi, refa akamwonyesha kadi ya njano kwa kuondoka bila ruhusa, na kijiko kikadondoka kutoka kwenye soksi.

"Hicho changu!" bibi akapaza sauti kutoka pembeni mwa uwanja.

Kreuzer akamchukua. Fenna akacheza mjini misimu mingi, kiungo mzuri, mtulivu, ila mbio zile hazikuonekana tena, na kocha hakuacha kuzidai. Kisha goti likachoka, na kabinti kakazaliwa, akarudi Osterwarf. Kreuzer akamfuata mpaka mezani kwa Bibi Theda.

"Msimu mmoja tu, Fenna. Zile mbio bado unazo."

Fenna alimtazama mwanawe aliyelala kifuani, mdomo wazi. Polepole, asimwamshe, akaweka kijiko ndani ya kikombe.

"Na mshahara tutaongeza," Kreuzer akaendelea.

"Baba, huoni?" bibi akasema. "Ameshakujibu."

Kisha akamgeukia Kreuzer na birika, maana kijiko chake kilikuwa bado kwenye kisosi. Akamimina. Akamimina tena, mpaka mgeni akainuka ghafla na kuulizia choo kilipo.