Mpwa wa Mwenye Nyumba

Juzi nikipita Ruangwa niliona kitanda cha mpangaji kimetupwa uani, na mara nikasikia harufu ya ufuta aliokuwa akikaanga mama mchana mmoja wa utoto wangu, Nachingwea.

Mwenye nyumba wetu, Mzee Chilumba, alikuwa amefariki. Mwanawe alituambia tukae tu. Kisha akaja mgeni, akapapasa kuta na kugongagonga milango. Nilidhani ameipenda nyumba yetu, nikamletea maji.

“Mimi mpwa wa marehemu,” alimwambia baba. “Kwetu mali ya mjomba ni ya mpwa, si ya mtoto. Karatasi yenu iko wapi?”

“Tulipatana kwa mdomo, bwana. Mkewe alikuwepo.”

Siku hizi naambiwa kwamba mapatano ya mdomo nayo ni mkataba, na kwamba anayerithi nyumba huipokea pamoja na mpangaji aliyemo. Baba hakuwa na wa kumwambia hayo. Alikuwa na shahidi mmoja tu, tukamfuata chumba cha pili.

Mjane alikuwa akifunga mikeka yake kwa kamba.

“Nilisikia kila neno mlilopatana, mwanangu,” alisema. “Lakini nami nimeambiwa nirudi kwa kaka zangu leo hii.”

Baba akachuchumaa, akamshikia mzigo afunge.