Nilimwambia Karani Ukweli

Mimi najivuna sana, lakini hii aibu nitaisema.

Mjukuu wangu Naserian aliniambia, "Koko, kesho tunaenda Nairobi kuona ofisi ya serikali ya zamani." Mimi nikasikia ofisi ya kesi za zamani. Shamba letu la Kitengela lilienda kitambo, na nyumbani nimesema siku zote kwamba liliibwa.

Nikavaa shanga zote. Ndani ya ofisi, karani alikuwa ameketi mezani, ameinamisha kichwa kama kijana wa kwetu anayengoja mzee amguse kichwa kumsalimia. Nikasema, huyu amelelewa. Naserian alikuwa nyuma akisoma maandishi ya ukutani, basi nikamwambia karani haraka:

"Kijana wangu, shamba halikuibwa. Niliweka kidole mwenyewe kwa karatasi ya kuuza. Niliona aibu kusema sijui kusoma. Nisaidie."

Akabaki ameinama. Nikamwekea mkono kichwani, nimpe salamu yake. Kilikuwa baridi na kigumu kama sufuria.

"Koko, hiyo ni sanamu," Naserian akasema, karibu na sikio langu. "Hapa siku hizi ni makumbusho."

Nikageuka ili tucheke pamoja. Alikuwa analia.

"Kumbe ni wewe uliuza?"