Kazini tuliambiwa sisi ni familia, mpaka nilipokuja na mtoto

Wakuu, salaam aleikum, na wale wa kanisani pia habari zenu.

Leo nina kisa cha kazini. Ni changu mwenyewe, sikusimuliwa. Sitaongeza chumvi, maana huku kwetu chumvi tunawapa ngamia. Majina ya watu nimebadilisha, na shirika silitaji kwa sababu bado nakula hapo.

Mimi ni afisa wa afya ya mifugo, mzaliwa wa Garissa. Kazi yetu ni kuzunguka hizi kaunti za Kaskazini Mashariki tukichanja mbuzi na kondoo. Ofisi yetu iko hapa mjini. Makao makuu yako Nairobi, kwenye jengo la vioo lenye lifti inayoongea.

Huko Nairobi kuna mkubwa mmoja ambaye cheo chake ni Mkuu wa Watu na Utamaduni. Mara ya kwanza kukisikia nilidhani atatuletea ngoma. Sisi huku tukambatiza Bwana Utamaduni.

Huyu bwana hutuma email za benefits mpya kila mara. Gym ya bure, iko Westlands. Masaji ya shingo, Westlands pia. App ya kutuliza akili, na inataka network ya nguvu, wakati yetu huja na kuondoka kama mvua ya Garissa.

Halafu kuna Ijumaa jioni. Nairobi wanakunywa divai pamoja ofisini ili wapendane. Na sisi, kwa sababu hatutakiwi kubaki nyuma, tukatumiwa mwaliko wa kujiunga nao kwa video.

Ofisi ya Garissa, wakuu. Divai. Ijumaa.

Mwaka mmoja akaamua kutuletea utamaduni mwenyewe, ana kwa ana. Alishuka na fulana za kijani zilizoandikwa SISI NI FAMILIA na keki kubwa ya krimu, kwa ajili ya chakula cha mchana cha pamoja. Ilikuwa Ramadhani. Hakuna aliyemwaibisha. Meneja wetu, Dekow, alimwambia kwa upole kwamba keki ni nzuri na tutaila magharibi inshallah. Kufikia magharibi ilikuwa inanywewa.

Sasa huyu Dekow ndiye mtu wa kisa hiki, kwa hiyo nimweleze kidogo.

Ni mzee wa makamo, mrefu, mkavu. Hasifii mtu. Ukifanya kazi vizuri atakupa nyingine. Sijawahi kumsikia akitamka neno "culture", na fulana yake ya kijani alimpa fundi wa gari apangusie mikono. Nikisema ukweli, nilikuwa namwogopa.

Tuingie kwenye kisa chenyewe.

Nilirudi kazini kutoka likizo ya uzazi binti yangu Sagal akiwa bado hajaweza hata kuketi. Mume wangu ni mwalimu Lafey, kule mpakani, tunamwona shule zikifungwa. Mtoto nilikuwa namwachia mama yangu, na mchana natoka mbio kumnyonyesha. Chupa alikataa kabisa. Tulijaribu chupa za kila aina, maziwa ya kila aina, alikuwa anaitema na kututazama kama watu waliomkosea adabu.

Hapo ndipo homa ya mapafu ya mbuzi ikalipuka upande wa Eldas.

Walio na ndugu wafugaji wanajua maana yake. Mbuzi wa familia wanaweza kuisha zizini mbele ya macho yako. Chanjo ilikuwa tayari, na aliyepaswa kuongoza timu ni mimi. Eldas si mahali pa kwenda na kurudi jioni. Ni safari ndefu, na kazi yenyewe ni ya siku nyingi porini.

Nikaandikia Nairobi nikiomba kitu kimoja tu: mtoto na mama yangu wapande gari letu, lina nafasi. Chakula na malazi yao ni juu yangu.

Jibu lilianza kwa kunishukuru kwa kuwashirikisha "safari yangu ya umama". Nikajua nimekataliwa. Ukiona shukrani nyingi mlangoni, hakuna karamu ndani. Gari la shirika halibebi mtu asiye mfanyakazi, likasema. Kisha wakanipa namba ya ushauri nasaha, niipige bure wakati wowote.

Nilipiga. Dada mwenye sauti laini akanisikiliza, akanishauri nikipata muda nitembee nje polepole, nijiunganishe na mazingira. Nikamwambia dada yangu, mazingira yako hapa nje ya mlango, yanatoa moshi kwa jua. Hakucheka.

Wakuu, msidhani nilikuwa nacheka mimi. Usiku ule nililia. Nikikataa kwenda, mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha na nilijua utaachwa ujifie. Nikienda, mtoto hali. Mama aliniambia kazi ipo na mtoto yupo, lakini mtoto hatangazwi gazetini. Nikaamua kuacha kazi.

Kesho yake nikaingia kwa Dekow kumwambia. Alikuwa anatafuna mswaki na kuangalia ramani. Nikaeleza yote, pamoja na ya Nairobi.

Kisha akauliza, "Hooyo yako anatapika kwa gari?"

Nikasema hapana, mama yangu hatapiki.

"Basi mwambie ajitayarishe, tunatoka alfajiri. Mtoto na mama yake ni kitu moja."

Nikamuuliza, na Nairobi je?

"Nairobi haiendi Eldas. Mimi ndio naenda. Kama ni makosa, iandikwe kwangu."

Akarudi kwenye ramani yake. Hakuna hotuba, hakuna pole, hata jina la mtoto hakuuliza.

Tukaenda. Mama yangu alikaa nyuma na Sagal, akiwahadithia watu wote wa gari ukoo wetu mpaka babu wa kumi na kitu. Eldas tulifunga turubai karibu na kisima, mama na mtoto wakakaa kivulini, na mimi nikawa nachanja mbuzi, nakwenda kunyonyesha, narudi kuchanja. Dekow mwenyewe alikuwa anashika pembe.

Jambo ambalo sikulitarajia: wanawake walikuja wengi. Kawaida, ukinitoa mimi, timu zetu ni za wanaume, na wanawake huleta mbuzi wachache tu waonekane wametii. Safari hii walikuja kumwona mtoto, wakakaa na mama yangu wakinywa chai, na katika mazungumzo wakataja mbuzi wagonjwa waliowaficha nyuma ya manyatta. Ajuza mmoja akaniambia, "Abaayo, dada yangu, ofisi inayokubali mtoto ni ofisi yenye akili." Nikaitikia tu. Ningemwambia nini?

Mpiga picha wa shirika alikuwa nasi safari hiyo. Alinipiga moja, nina sindano mkononi, nimeshika mbuzi, na Sagal yuko mgongoni amelala.

Hamtaamini kilichofuata, lakini niliahidi sitatia chumvi.

Tuliporudi Garissa, picha ile ilikuwa kila mahali. Kwenye tovuti, kwenye mitandao yote, na nasikia kwenye ukuta pale karibu na lifti inayoongea. Chini yake imeandikwa: HAPA KWETU, MAMA HACHAGUI KATI YA KAZI NA MTOTO.

Na wiki hiyo hiyo Dekow akapewa onyo la mwisho kwa maandishi, kwa kubeba watu wasioruhusiwa kwenye gari la shirika.

Picha moja, wakuu. Idara moja inaipigia makofi, idara ya pili inaitumia kama ushahidi. Na zote mbili ziko chini ya Bwana Utamaduni.

Dekow hakuniambia. Nilisikia kwa mhasibu. Nilipomuuliza akasema niache maneno, kuna chanjo Hulugho.

Baadaye ukaitishwa mkutano wa wafanyakazi wote kwa video. Bwana Utamaduni akanitambulisha kama sura ya maadili yetu, akaomba niseme maneno mawili kutoka moyoni. Nilikuwa nimeandaliwa hata cha kusema, kuhusu kuwezeshwa.

Nikasema, "Asanteni. Safari iliyo kwenye picha hiyo niliiomba, mkanikatalia. Aliyekubali ni Dekow, na kwa sababu hiyo amepewa onyo la mwisho. Kwa hiyo sijui leo nishukuru nani."

Mwenyekiti wa bodi, ambaye hata sikujua yuko kwenye mkutano, akawasha kamera. Bwana Utamaduni akasema tunaonekana kuwa na tatizo la network Garissa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, network ilikuwa safi kabisa.

Nilipotoka, Dekow alikuwa kwenye korido. Akanigombeza wallahi, kwamba nani alinituma, kwamba yeye si mtoto wa kutetewa. Alipomaliza kugomba akasimama pale, akatazama ukuta, akaniuliza, "Mtoto anaitwa nani?"

Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kuswali.

Mambo yaliishaje? Onyo lilifutwa kimyakimya, bila samahani. Mkataba wangu uliongezwa. Nadhani waliogopa kelele. Na baada ya muda tukapata sera mpya: mama anayenyonyesha anaweza kusafiri na mtoto na mlezi. Imepewa jina refu la Kiingereza, na Bwana Utamaduni huzunguka mahotelini akieleza alivyoibuni. Sina neno. Mwenzangu mmoja amekwenda Hulugho na mapacha wake kwa sera hiyo, na mapacha hawajui nani aliibuni.

Hivi majuzi shirika lingine likaniita kwenye interview. Mshahara mkubwa, bima mpaka ya meno, kiti kinachokanda mgongo. Mwishoni wakasema, una swali?

Nikauliza, "Mtu wenu akipata shida huku Garissa, nani yuko karibu anayeweza kumwambia ndiyo bila kupigia Nairobi kwanza?"

Wakatazamana. Mmoja akasema swali zuri sana, watanirudia na jibu.

Bado wanalitafuta. Nami bado niko hapa, chini ya yule mzee asiyesifia mtu.

Nilichojifunza ni hicho tu. Benefits zisomeni, sikatai, kanda mgongo kama umepata wa kukukanda. Lakini kabla ya kusaini, mtafute yule mtu anayeweza kusema ndiyo na akabeba lawama yake. Kama hayupo, hiyo familia ni ya kwenye fulana.

Haya, uwanja ni wenu. Huko kwenu nani ndiye Dekow? Na wale mnaofanya kazi HR, karibuni pia, nyuzi za humu hazihitaji kibali.