Mtani Wetu Hakujua Baiskeli

Karatasi ya polisi inasema mtani wetu alikufa kwa ajali ya baiskeli. Nimeisoma hadi naijua kwa kichwa, na kila nikiisoma damu inanichemka, kwa sababu mtu yule hakujua baiskeli.

Alitoka Afrika Kusini, mkimbizi wa siasa, akapanga chumba cha uani kwetu Isevya, mjini Tabora, nilipokuwa na miaka kumi na moja. Asubuhi alifundisha hesabu. Jioni aliandika barua za kuwapinga makaburu mpaka vidole vikajaa wino. Mama, Mnyamwezi wa Goweko, aliposikia asili yake alipiga vigelegele. Wangoni walitoka huko huko kusini, wakapita Unyamwezi wakiteka ng'ombe, na tangu hapo wao na sisi ni watani. Basi mgeni akawa Mngoni, apende asipende.

"Rudisheni ng'ombe wetu!" ndiyo ilikuwa salamu ya mama kila kukicha.

"Nikifika kwetu, dada, nitawaswaga mpaka hapa mlangoni," alijibu.

Lakini baiskeli ndiyo iliyompa mama ushindi. Tabora hii, ambako mtu hupakia magunia mawili ya mkaa na mkewe juu yake, Mngoni alianguka kabla hata hajakanyaga pedali. Mara ya tatu aliangukia banda la kuku, akaapa hataigusa tena. Akawa wa kutembea kwa miguu, iwe jua, iwe mvua, na mama akimcheka dirishani.

Kisha walikuja wanaume wawili wakimuulizia kwa jina tusilolijua. Siku tatu baadaye alikutwa kando ya njia ya zamani ya misafara, upande wa Goweko, kisogo kimepasuka, na baiskeli mpya imelazwa juu yake.

Kwetu mtani ana haki msibani. Anaweza kukaa kaburini na kuzuia mazishi, akasema yale ambayo ndugu hawathubutu, na hakuna wa kumgusa. Mama alikuwa nayo haki hiyo. Ila kabla ya mazishi bwana mmoja wa serikali alimvuta pembeni: "Mama, una watoto. Nyamaza." Akanyamaza. Mpaka anakufa hakujisamehe. "Nilimzika mtani wangu kama mtu baki," aliniambia, na maneno hayo akaniachia mimi.

Tangu hapo sijatulia. Mume wangu husema hata kula nakula nimekalia nusu ya kigoda. Nimeingia ofisi na kutoka ofisi, mpaka karani anavijua viatu vyangu kwa mlio. Nataka neno moja tu libadilishwe. "Lete ushahidi," wananiambia. Ushahidi kwamba mtu hakujua kitu nitauchimba wapi? Wengine hunionea huruma, nami huruma yao inanikera kuliko matusi.

Mwaka huu nikasikia mabaki yake yanarudishwa kwao. Ningepaswa kufurahi. Nilichowaza ni kwamba uongo ule nao utapanda ndege.

Asubuhi ya kumfukua, makaburini alikuwepo mpwa wake, mtoto wa dada yake, mwanamke mrefu mwenye paji la uso la mjomba, pamoja na mkalimani wake. Walikuwepo wachimbaji na majembe yao. Ofisa kijana alifungua karatasi, akasoma: "...aliyefariki kwa ajali ya..."

Nikaenda nikakaa juu ya kaburi, nikanyoosha miguu.

"Shikamoo mama. Tafadhali inuka."

"Marahaba. Siinuki. Mimi mtani wake. Hachimbuliwi mtu hapa mpaka useme alikufaje."

"Mama, tuna wageni."

Wachimbaji wakaweka majembe chini. "Mtani kashakaa, bosi," mmoja wao akasema. "Hapo sisi hatugusi."

Mpwa aliuliza kuna nini. Mkalimani akamweleza kirefu: utani, ng'ombe, banda la kuku. Alipofika kwenye baiskeli, yule mwanamke alicheka, akaziba mdomo, kisha machozi yakamtoka. Mama yake alimsimulia, akasema, kwamba mjomba alivunjika mkono utotoni kwa baiskeli, na nyumba nzima ilimtania mpaka siku aliyokimbia nchi. Huko kwao hakupanda tena.

Ofisa aliitazama karatasi yake. Kosa halikuwa lake. Alikuwa hata hajazaliwa.

"Aliuawa," akasema.

"Hata kuku hawajasikia," nikamwambia.

"Aliuawa!"

Nikanyoosha mkono, mpwa akaninyanyua, maana mguu ulikuwa umekufa ganzi. "Haya, mchukueni Mngoni wenu," nikamwambia. "Lakini ng'ombe wetu hamjarudisha." Nilitaka niseme kama mama, kwa kelele na kicheko, lakini wapi. Nikalia palepale kilio alichokimeza yeye.

Sanduku liliondoka mchana. Karatasi bado inasema ajali, kwa hiyo Jumatatu nilikuwa mlangoni pa ofisi kabla hawajafungua, na maelezo ya mpwa yaliyotiwa saini yamo mkobani.

"Mama, umerudi tena?" karani akauliza.

"Nimerudi," nikamwambia. "Safari hii tuko wawili."