Alikosomea Mwalimu Sabir

Katika kambi yetu ya wakimbizi, pwani ya Kenya, watu walipenda sana kuulizana wamesoma wapi. Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, sote tumekimbia vita vya Somalia, hatuna nyumba wala vyeti, na kila aliyefungua mdomo alikuwa zamani mkubwa fulani. Ukiwasikiliza wanaume wa Kismayu kwenye foleni ya maji ungedhani bandari ile ilikuwa na mameneja watupu, hakuna aliyewahi kubeba gunia. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, na nilisema hivyo hivyo.

Basi shirika moja lilipotangaza kwamba litawafunza baadhi ya walimu namna ya kuwasaidia wanafunzi walioona mabaya, tulitaka kwanza kuwajua wakufunzi wenyewe. Walikuwa watatu. Mmoja alikuwa mama wa Kikenya aliyefundisha chuo cha ualimu miaka mingi, hana mzaha hata kidogo. Wa pili alikuwa kijana wa Kizungu, daktari wa maradhi ya akili, na kila alilosema lilipitia kwa mkalimani likatufikia limepoa. Wa tatu ni Mwalimu Sabir, Mbajuni mwenzetu, mzaliwa wa Kismayu. Alisema alisomea saikolojia ya watoto Ujerumani ya Mashariki, serikali ikamlipia, na aliporudi akafanya kazi ya serikali. Hatukumuuliza kazi gani, maana serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Nilimpenda, sitaficha. Wale wawili walitufundisha majina ya mambo, yeye alitufundisha mambo yenyewe. Usisimame mbele ya mtoto mwenye hofu, kaa chini kuliko yeye. Usimuulize lililompata, muulize alikula nini. Mpe kitu cha moto akishike kwa mikono miwili. Akinyamaza, nyamaza naye, usiwe wa kwanza kuvunja ukimya. Na zaidi ya yote, zungumza naye lugha ya kwao, ile aliyobembelezewa. Nilikuwa nikirudi hemani nikimsimulia Baba, naye akinisikiliza huku ananyoosha vidole vyake vilivyopinda.

Mimi nilikuwa na haja yangu katika mafunzo yale, na haikuwa cheti. Dada yangu Zamzam alikuwa akiishi Kudhaa, kisiwa cha Wabajuni, na binti yake Nadia, wa miaka minane. Mafunzo yalipoanza tu, kilifika chombo cha wakimbizi, na ndani yake alikuwamo Nadia, peke yake. Wenye chombo walisema walimkuta Burgao, pwani ya Somalia karibu na mpaka, amekaa mchangani, wakamnyakua kwa sababu risasi zilikuwa zimeanza kulia. Mama yake hawakumwona. Tukamuuliza yeye. Hakujibu, wala hakulia. Tulimbembeleza, tukamnunulia halua, na mara moja nikamfokea, jambo ambalo halikusaidia kitu.

Kama Zamzam amekufa, tulitaka tumsomee hitima. Kama yu hai, palikuwa na njia. Nahodha wa chombo kile, Adnan, alikuwa akirudi Burgao kuchukua watu waliobaki, na alikubali kumtafuta, ila alituambia waziwazi kwamba hawezi kuzunguka pwani iliyojaa bunduki akiita jina la mwanamke. Alitaka aambiwe mahali, ashuke, achukue, aondoke. Aliyekuwa anajua mahali hapo alikuwa ni yule mtoto, naye amefunga mdomo. Na chombo cha Adnan kilikuwa kinatia mafuta.

Nikampeleka Nadia kwa Mwalimu Sabir.

Alimkaribisha katika hema la mafunzo, sisi walimu tumekaa pembeni tumejikunyata. Akakaa kwenye mkeka, chini kuliko mtoto aliyemkalisha kwenye kisanduku. Akampa kikombe cha chai ya maziwa. Akanyamaza muda mrefu mpaka mimi nikaanza kujikuna. Kisha akasema kwa Kibajuni, ambamo mtu huitwa mchu, sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, hutaki kunena, usinene. Hapana mchu takushika hapa. Niambie tu, mamako akipika samaki, hutia nini?"

Nadia akainua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimtazama mtu usoni tangu aje. Midomo yake ikacheza, na neno likatoka, dogo kabisa. "Ukwaju."

Hapo ndipo Baba aliingia. Alikuwa ametuletea mtungi wa maji. Alimwona Sabir pale chini, akaiona chai, akausikia ule Kibajuni, na mtungi ukamponyoka. Baba yangu, Mzee Nasrudin, mshona matanga aliyeheshimiwa Kismayu nzima, alisimama mlangoni mkojo unamtiririka miguuni, mbele ya walimu, mbele ya wanawake. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nilimkimbilia nikamfunika kwa leso yangu, nikamtoa nje.

"Ndiye mchu huyo," alisema. "Ndiye alonipa chai."

Lazima nieleze hapa habari ya ami yangu Ishaq. Miaka ya mwisho ya serikali ile, Ami Ishaq, ndugu mdogo wa Baba, alikuwa akiwavusha kwa siri watu waliotafutwa. Askari wakamkosa, wakamkamata Baba. Baba alirudi nyumbani vidole vimevunjwa, na siku ileile Ami Ishaq akakamatwa mafichoni kwake. Hatukumwona tena, hai wala maiti. Baba alituambia kuna mtu aliyemsaliti. Toka siku hiyo, kila tukimaliza kuswali, nyumba nzima tulimlaani mtu huyo tusiyemjua, na Baba alikuwa akiitikia amina pamoja nasi.

Sasa alinishika mkono, nyuma ya hema, akaniambia yote. Waliomvunja vidole hawakupata kitu kwake. Walikuwa wakimuuliza kwa Kisomali, wanapiga kelele, naye alikuwa ameshajikaza afe. Kisha akaletwa huyu. Akakaa chini kuliko yeye. Akampa chai, akamwekea mikononi kwa upole kwa sababu ya vidole. Akamuuliza kwa Kibajuni bibi yetu alikuwa akipika nini siku za Idi. "Nikalia, Zakiya. Nikamwona kama ndugu yangu. Chai haijapoa nimeshamwambia Ishaq yuko wapi. Ni miye nlonena. Hapana mchu mwingine."

Sikujua nianze kushtuka wapi. Mwalimu wangu alikuwa mhoji wa wafungwa, na yote niliyokuwa nayaandika moyoni kwa furaha ndiyo yaliyommaliza ami yangu. Na yule mtu tuliyekuwa tukimlaani alikuwa baba yangu, anaitikia amina kwa laana yake mwenyewe. Nilitapika palepale, mbele yake, na yeye akawa ananishika paji la uso kama zamani nikiwa mgonjwa.

Nikaenda kwa Sabir nikiwa nimewaka. Alikuwa bado yuko hemani, wengine wametoka, Nadia amemaliza chai. Nilimwambia ninajua. Hakukana. Nilitaka akane, ningemrukia.

"Nilisomea watoto," alisema. "Nilitaka kuwa mwalimu wa shule, kama wewe. Niliporudi wakaniambia shule zina walimu wa kutosha, wakanipa meza katika nyumba ile ya kuhojia watu. Sikumpiga mtu hata mmoja."

"Hukuhitaji."

"Sikuhitaji," alisema. "Mtu mwenye hofu hasemi, Mwalimu Zakiya. Mpunguzie hofu, atasema. Ni somo lilelile. Tofauti ni nani anayesubiri nje ya mlango."

Kilichonishtua zaidi ni kwamba alisema vile kwa sauti yake ileile ya darasani, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, nilijikuta nimetulia. Nikajichukia. Nikamshika Nadia mkono nikamtoa mbio, nikaapa kwamba yule mtu hatamsogelea mtoto wetu tena, hata kama Zamzam atabaki huko alipo.

Habari zilienea kabla ya adhuhuri. Vijana walikuwa wanaokota mawe. Yule mama wa Kikenya alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameduwaa, anarudia kuuliza nani aliyemwajiri. Nahodha Adnan akatuma ujumbe kwamba anaondoka alasiri, ana mahali pa kwenda au hana.

Ni Baba aliyesimama. Alikuwa ameoga na kuvaa kikoi kingine, na maneno ya Sabir nilikuwa nimeshamsimulia. "Mrudishe mtoto kwa mchu yule," aliniambia.

Nilidhani amerukwa na akili. Nikamwambia hivyo hivyo, Mungu anisamehe.

"Miye nlikuwa mchu mzima, nna ndevu zangu, nimejiapiza nife," alisema. "Akanifungua. Huyu mtoto hapana mwingine wa kumfungua hapa. Safari hii anayesubiri mlangoni ni miye."

Akakaa kweli mlangoni pa hema, mgongo umeelekea ndani ili asimwone, na vijana wenye mawe wakasimama mbele yake hawajui la kufanya. Mimi niliingia na Nadia. Sabir alikuwa bado mle ndani; alimimina chai, nyingine ikamwagika mkekani, lakini sauti yake ilikuwa ileile. Walizungumza juu ya ukwaju. Walizungumza juu ya paka wa Kudhaa. Walipofika kwenye safari Nadia alinyamaza, naye Sabir akanyamaza, na nikauma midomo nisiseme neno. Kisha mtoto akaanza.

Zamzam alipigwa risasi ya mguu walipofika Burgao. Alijificha ndani ya birika la maji la msikiti mbovu, lile la kutawadhia, nyuma ya vilima vya mchanga. Palikuwa na maji ya mvua, na alikuwa na kikapu cha tende. Alimtuma Nadia ufukweni achungulie kama kuna chombo cha watu wetu, arudi amwambie. Na kabla ya kumwacha atoke, alimwapisha kwa mkono juu ya kifua: mtu yeyote atakayekuuliza nilipo, mkubwa au mdogo, jamaa au mgeni, usimwambie, hata akikupiga, hata akikupa halua. Usinene mpaka nije mwenyewe.

Halua. Na mimi nilikuwa nimemnunulia.

Nilitoka mbio mpaka kwa Adnan, kanga imenidondoka njiani. Chombo kikaondoka kikiwa na mahali pa kwenda. Niliporudi Sabir hakuwapo. Alikuwa ametoroka kwa upande wa nyuma wa hema, na kambini hakuonekana tena. Sikumshukuru wala sikumtukana, na mpaka leo sijui ningefanya lipi kama ningemkuta.

Nadia alikuwa amekaa mchangani karibu na Baba, mwili mzima unamruka kwa kilio. Alikuwa hasikii maneno ya mtu. Nilijiinamisha chini kuliko yeye kama nilivyofundishwa, nikamwambia amefanya vizuri, amemsaidia mama. Akanisukuma.

"Nimenena," alisema. "Aliniapisha, na miye nimenena. Sasa watamchukua."

Wakufunzi wote watatu hawakunipa jibu la jambo lile. Baba akamvuta mtoto akamweka mapajani, akamshika mikono yake miwili ndani ya vile vidole vibovu.

"Na miye nlinena," alimwambia.

Kilio kikapungua. Nadia akamtazama. "Ulimnenea nani?"

"Ndugu yangu."

"Akarudi?"

Nilitaka kumziba Baba mdomo. Mtoto hahitaji kuambiwa ukweli ule, nilijisemea.

"Hakurudi," Baba alisema. Na Nadia, badala ya kupiga ukelele, aliegemea kifua chake akafumba macho.

Walikaa hivyo siku zote za kumngoja Adnan, mzee na mtoto, wakila pamoja, wakilala mkeka mmoja. Watu wa kambini hawakuwa wanampa Baba salamu, maana sasa kila mtu alijua ya Ishaq, na baadhi yao walikuwa na wa kwao walioingia katika nyumba ile wasitoke. Mimi mwenyewe kumtazama ilikuwa kazi. Nilikuwa ninampikia, ninamfulia, na nikimaliza kuswali nanyamaza, kwa sababu sikuwa tena na mtu wa kumlaani.

Chombo kilirudi asubuhi, kimejaa watu hadi ukingoni. Adnan alikuwa amembeba mwanamke mgongoni, mguu umefungwa kwa kitambaa cha tanga, uso umebaki mifupa. Alikuwa Zamzam, na alikuwa hai. Nilisikia Nadia akiita mama, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ya mtu yeyote pale ufukweni.

Baba aliwahi mbele ya sisi sote. Aliingia majini na nguo zake mpaka kifuani, akampokea dada yangu kutoka mgongoni kwa Adnan, akamkumbatia, na akawa anamwita Ishaq. Alimwita hivyo mara nyingi. Zamzam hakuwa na nguvu ya kuuliza, na sisi hatukumsahihisha Baba.