Jiwe Alilogeuza Pelagia

Bibi yangu Pelagia hakuwa mtu wa kusamehe, na sitampamba kwa kuwa amekufa. Ukimkosea alinyamaza, akakupikia, akacheka nawe. Kisha siku yako ikafika.

Mwaka 1954 yeye na mumewe Masunga, watu wa Kasoli, walikuwa vibarua katika kambi ya Mzungu mmoja mtafuta madini, ng'ambo ya Bariadi. Masunga alikata mawe kwa msumeno. Bibi alifagia hema la vipimo. Jiwe lililotakiwa lilikuwa jeusi, laini, lenye tabaka nyembamba kama kurasa za kitabu. Lilikatwa vipande vya mchemraba, pande zote sawa, kila kipande kikabanwa kati ya vibanio viwili vya shaba vilivyounganishwa na betri na mita. Sindano ikipanda, jiwe ni zuri.

Kipande kimoja kiliipandisha hadi themanini. Mzungu akafurahi siku nzima, akampa Masunga akitunze sandukuni. Kesho yake Masunga akakileta, akakibana mwenyewe, sindano ikagota kwenye tatu.

"Umebadilisha jiwe langu!" Mzungu akafoka.

Nyapara wa kambi, Malimi, alikuwa akiitamani kazi ya Masunga kwa ajili ya mdogo wake. Akasema, "Bwana, nilimwona akitia kitu mfukoni." Uongo mtupu! Masunga akafungwa miezi sita, na huko Kasoli wanawe wakaitwa watoto wa mwizi.

Bibi aliwaambia watu anabaki kambini kwa sababu ya njaa. Alibaki kwa sababu ya Malimi.

Mwezi mmoja baadaye, wanaume wakiwa wanakula, alikiokota kile kipande kwenye kapu la mawe mabovu, akakibana kama alivyoona wakifanya. Tatu. Akakigeuza ubavu. Themanini. Akaondoa betri, akapasha moto upande mmoja kwa mshumaa kama alivyomwona Mzungu akifanya; joto peke yake likasogeza sindano, na alipokigeuza tena ikasogea vingine. Jiwe lilikuwa lile lile. Umeme ulipita vizuri ukifuata kurasa. Ukitakiwa kuzivuka, ulikwama, kama kuni inayopasuka kwa urefu na kukutoa jasho ukiikata kwa mkingamo.

Angemwonyesha Mzungu, Masunga angerudi nyumbani. Alilijua hilo. Lakini Malimi angesema aliona vibaya, angeendelea kula nyama ya kambi. Hapana. Dawa ya moto ni moto.

Akangoja. Kikapatikana kipande kingine kizuri, na sasa sanduku alilishika Malimi. Asubuhi moja Bibi akakigeuza humo humo. Nyapara akakitoa kilivyolala, akakibana mbele ya kambi nzima. Tatu.

Malimi akaapa kwa mama yake. Bibi akaweka ufagio chini.

"Bwana, nilimwona akitia kitu mfukoni."

Walimfunga kamba mikononi akilia kamasi zikimtoka. Mkuki kwa nguruwe! Bibi alitusimulia kilio kile hadi uzeeni, na kila mara uso wake uling'aa. Mzungu naye, amechoshwa na wezi, akapakia mawe yote kwenye lori hadi stesheni ya Malampaka, asionekane tena.

Masunga alitoka jela amekonda.

"Mwangaluka, Baba Kristofa," Bibi akamsalimu, akamwekea uji, akamsimulia yote huku anacheka. Masunga alisikiliza hadi mwisho bila kugusa bakuli.

"Ng'wana Mhoja," akamwita kwa jina la baba yake, "uligundua lini?"

"Ulipomaliza mwezi mmoja."

"Na Mzungu yuko wapi?"

"Kaenda. Na mawe kaenda nayo. Lakini Malimi yuko ndani!"

Masunga akasimama.

"Basi Malimi alinifunga mwezi mmoja," akasema. "Hiyo mitano umenifunga wewe. Na jina la mwizi nitazikwa nalo."

Akachukua jembe lake, akahamia Migato peke yake.